Faili moja, vifurushi viwili

Mtumiaji wa Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, anayetaka kuendesha programu ya zamani ya Windows kwa Wine hujikuta akisakinisha maktaba ileile (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) mara mbili: ya biti 64 na ya biti 32. Maktaba zenyewe hazigombani, kila moja ina chumba chake: /usr/lib/x86_64-linux-gnu na /usr/lib/i386-linux-gnu. Ugomvi uko kwenye vitu visivyosomwa na mtu: faili la hakimiliki na orodha ya mabadiliko, ambayo vifurushi vyote viwili huyaweka ndani ya /usr/share/doc, jina lilelile.

Kikawaida dpkg, programu ya Debian inayosakinisha vifurushi, haina mzaha. Faili lina mwenyewe mmoja. Kifurushi kingine kikija nalo bila ruhusa iliyoandikwa, usakinishaji unakatika hapohapo. Wengi huona kero. Mimi naona adabu. Adabu hiyo iko hata kwenye sera ya Debian. Kuna wakati Node.js, inayoendesha programu za JavaScript, na programu ya wapenzi wa mawasiliano ya redio zote zilitaka amri yenye jina node, moja ndani ya /usr/bin, nyingine /usr/sbin. Kwa kuwa sera inakataza programu mbili tofauti kutumia jina moja la amri, suala lilifika Kamati ya Kiufundi ya Debian, ikaamua mwaka 2012. Bila katazo hilo, mtu angeandika node akapata programu asiyoitarajia.

RPM, mwenzake dpkg kwenye Fedora na Red Hat, ni mpole zaidi: mafaili yakilingana kabisa, vifurushi viwili vinaruhusiwa kuyamiliki pamoja. Debian nayo ililegeza kidogo ilipoleta vifurushi vya usanifu (aina ya prosesa) zaidi ya mmoja katika toleo la 7, Mei 2013. Kifurushi chenye alama ya Multi-Arch: same kinaweza kushiriki faili na pacha wake, mradi baiti zote zifanane. Dpkg huhesabu wenye nalo, na hulifuta wa mwisho akiondoka.

Hapo kwenye baiti ndipo nilipokwama usiku mmoja, na kifurushi nilichokitoa kwenye hazina moja ya pembeni. Dpkg ikaniambia changelog.Debian.gz ni tofauti na ya pacha wake. Nikayafungua yote mawili kwa zcat, inayosoma faili lililobanwa: maandishi sawa, herufi kwa herufi. Nikayapima kwa sha256sum, inayotoa alama ya kipekee ya baiti za faili, yakiwa yamebanwa: tofauti. Aliyeyabana alisahau chaguo la -n, kwa hiyo gzip, programu ya kubana, ikaandika saa ndani ya kila faili. Na hata ukiweka -n, gzip haijaahidi kwamba matoleo yake yote yatatoa baiti zilezile kwa maandishi yaleyale.

Kwa sababu hiyo kuna wanaosema kuhesabu wenye faili ni kujitafutia balaa. Dawa yao ni ya zamani: toa mafaili ya pamoja, yaweke kwenye kifurushi cha tatu chenye jina linaloishia na -common, hao wawili wakitegemee. Kwa picha na data nzito sina ubishi nao, nafasi inaokolewa kweli. Lakini kuzaa kifurushi kizima kwa ajili ya faili la hakimiliki la kilobaiti mbili? Kila kifurushi kipya huongeza mistari kwenye orodha ya vifurushi ambayo amri ya apt update inaishusha kwa kila mtumiaji, hata asiyekihitaji. Anayelipia bando kwa megabaiti ananielewa.

Kwa hiyo nasimama na wanaohesabu, ila wapunguze vinavyohesabiwa. Debhelper, zana za kutengenezea vifurushi vya Debian, imeonyesha njia: kifurushi kikijengwa upya kwa usanifu mmoja tu, maelezo ya ujenzi huo huwekwa kwenye faili lenye jina la usanifu, mfano changelog.Debian.amd64.gz, na lile la pamoja haliguswi. Kinachonisumbua bado ni sharti la toleo. Mapacha lazima wawe na toleo moja, hivyo maktaba ya biti 64 ikiwa tayari na ya biti 32 bado inajengwa, apt inazizuia zote mbili hata kama marekebisho yenyewe ni ya usalama.