Mzee, si uko tu?

Ukifika miaka 60 serikali inakupa barua ya kustaafu, na siku hiyo hiyo familia inakuajiri. Fundi wa mifereji anakuja saa nne, nani atamfungulia? "Mzee, si uko tu?" Kamati ya mazishi inatafuta mweka hazina. "Mzee, si uko tu?" Na fundi wa Nairobi akisema saa nne, huwa hasemi ya siku gani.

Basi mzee anaomba Jumamosi moja tu iwe yake: santuri, marafiki watatu, chai ya maziwa. Hapo ndipo mtoto aliyeko Marekani anapomtumia zawadi. Mashine ya santuri ya kizamani, nzito, maridadi, volti 110. "Usijali baba, nunua transfoma pale Luthuli Avenue, kwenye maduka ya umeme." Transfoma inanunuliwa. Mashine inawaka, haitoi moshi, wazee wanapiga makofi. Kisha mwimbaji anafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ya mtu aliyeamshwa usingizini katikati ya dozi ya dawa.

Jamani, transfoma inashusha volti, hezi (mapigo ya stima kwa sekunde) haizigusi! Kule stima ni hezi 60, hapa ni 50, na mota nyingi za enzi ile huenda kwa mwendo wa hezi. Sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28. Dawa ni kubadilisha puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda wa kuzungusha sahani, uweke yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kukuchongea, ila tundu likienda pembeni hata kwa unywele, kila noti ya wimbo itayumba. Wengine huzungushia puli utepe wa karatasi wenye gundi. Joto la mota likipanda, gundi inateleza, na mnaanza upya.

Lakini nani anamsikiliza mwenye mashine? Marafiki wa uzeeni wote ni mainjinia. Wa kwanza anasema ni mkanda, anautoa, anaweka mpira wa kufungia noti. Mpira ule unavutika huku na kulegea kule, mwendo haukai. Wa pili anaona sindano inaruka, anabandika sarafu ya shilingi kumi juu ya kichwa cha mkono unaobeba sindano. Sindano ya kawaida inataka gramu 2 hivi, yeye ameiongezea kama 5! Kuruka kumekoma, ndiyo, kwa sababu sasa inalima. Ilikuwa inaruka kwa uchafu, na uchafu wenyewe ni wa rafiki wa tatu, aliyeishika santuri katikati, kwenye mifereji inayobeba sauti, kwa vidole vilivyotoka kwenye nyama choma. Akiambiwa, anaipangusa kwa pindo la shati, tena kwa kukata mifereji!

Santuri hushikwa ukingoni na kwenye lebo, basi. Ikichafuka, tafuta maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (soma kibandiko, usije ukauziwa asidi), weka tone moja la sabuni ya vyombo, pitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko, suuza, isimamishe ikauke. Lebo isilowe. Na zile nzito za mizunguko 78 usizipake spiriti hata rafiki akiapa, spiriti inazila. Za kulala moja juu ya nyingine chini ya mabati, hizo zishapinda, uza na sufuria.

Haya, tuseme yote yametengenezwa, mwendo sawa, sauti safi. Zile ndogo za mizunguko 45 zina ujanja wao: wimbo mrefu wa rumba au benga umekatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ni maneno, yule bibi ameondoka, yule bwana analia. Magita yakianza tu kuchemka, kimya. Utamu uko upande wa pili, na lazima mtu ainuke.

Wazee wanne, magoti manane, hakuna hata moja linalojitolea. Mmoja anasema ana presha. Mwingine anasema mgeni hageuzi santuri kwa watu. Sindano inakwaruza mfereji wa mwisho, inazidi kulika. Zipo mashine zinazorudisha mkono zenyewe wimbo ukiisha, na mtoto wa Marekani ameshaahidi kutuma moja. Hiyo nayo ya volti 110.