Limau ni ya samaki, sio ya uso

Wacha niseme hii mapema ili wa kukasirika akasirike kabla bando yake iishe: hiyo lebo ya "asili" hainishtui tena. Ukishuka leo kutoka Moi Avenue mpaka River Road hapa Nairobi, kila duka la vipodozi lina rafu imejaa vitu vya mitishamba, vitu organiki, sijui havina kemikali (na maji yenyewe ni nini kama si kemikali), na bei inapanda kulingana na majani mangapi yamechorwa kwenye chupa. Mimi hivyo vitu navipenda, tena bafu langu linanukia mtaa wa Eastleigh kuanzia asubuhi, lakini kila kimoja nakipenda kwa kazi yake, na kuna vingine kazi yake ni kwa sufuria.

Limau kwanza. Kila wiki lazima TikTok inionyeshe msichana anasugua nusu ya limau shavuni ati inatoa madoa, na chini yake watu wamejaa wanauliza kama ndimu pia inafanya. Juisi ya limau ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) kama ya 2 hivi, ngozi yako inakaa karibu na 5, kwa hivyo huo moto unaousikia sio dawa inafanya kazi, ni ngozi inakuomba uache. Na kuna ubaya zaidi, limau na ndimu zina vitu vinaitwa furokumarini ambavyo vikipatana na jua vinaunguza, unaweza kutoka malengelenge halafu ubaki na doa jeusi kuliko lile ulikuwa unataka litoke. Sasa wewe umepaka limau saa mbili asubuhi unasimama steji ungoje matatu, na jua letu sio la mchezo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na ikweta inapita hapo tu Nanyuki, ni vile baridi ya hapa hudanganya watu. Beking soda nayo inakosea upande ule mwingine, pH yake imepita 8, inavua mafuta yote usoni mpaka ukicheka unasikia ngozi inavuta. Weka kwa githeri iive haraka. Avokado usoni sina ugomvi nayo, haidhuru, ni vile tu mtu kupaka Hass nzima ya Murang'a kwa mashavu na mkate uko hapo mezani umekauka, mimi roho hainiruhusu.

Vile vinavyofanya kazi sasa. Qasil ndio mpenzi wangu, ule unga wa kijani wanauza akina mama wa Kisomali Eastleigh, unatoka kwa majani ya mti wanauita gob ambao ni wa jamii ya mkunazi, na unatoa povu kidogo bila sabuni sababu majani yana saponini. Nachanganya na maji ya waridi, au maji tu ya kawaida kama mwezi uko kona, napaka, nangoja kiasi na nasuuza kabla ikauke ikawa ngumu, manake ikikauka kabisa itabidi uisugue na hapo utakuwa umeharibu kazi yote. Harufu yake ni ya nyasi, kuna watu hawaipendi, shauri yao. Uzuri wake utausikia sana kama unaishi mahali maji ni ya borehole yenye chumvi, watu wa Rongai na Syokimau mnanielewa, ile sabuni ya mche unasugua povu hakuna na uso unabaki na utando mweupe.

Aloe vera, au shubiri kama mnavyoita nyinyi wenye Kiswahili chenu, kila mtu anayo kwa mtungi huko balkoni lakini wengi wanaikata na kupaka hapo hapo. Usifanye hivyo. Ule utomvu wa manjano unaotoka kwa ganda unawasha, ni huo huo unaendesha tumbo ukiumeza, kwa hivyo kata jani lisimamishe kwa kikombe litoe manjano yote, oshea, ndio utoe ule ute wa ndani. Ute ni mzuri kwa ngozi imechomwa na jua, inatulia. Lakini sio losheni, ni maji matupu, ukipaka peke yake hewa ya Julai itakunywa pamoja nayo, lazima juu yake kuwe na mafuta.

Na mafuta yangu ni shea, ile inatoka kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, sio ya Afrika Magharibi. Yetu ya huku ni laini zaidi, ina mafuta mengi ya aina inayoyeyuka haraka, ukiiweka kiganjani hata asubuhi ya baridi inalegea. Ile ambayo haijasafishwa inanuka moshi kidogo na mimi huo moshi naupenda. Mafuta ya nazi naacha kwa nywele na miguu, usoni yanaziba vinyweleo kwa watu wengi, na najua mtu wa Mombasa akisoma hapa atanitukana, asante mapema. Nikiwa huko lakini napaka liwa, ule unga wa msandali, kama kila mtu na natembea nikinukia. Ila hapo pia uliza unga umetoka wapi, manake Kenya kuvuna msandali wa porini kulipigwa marufuku 2007, na tangu 2013 huo wa Afrika Mashariki uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, bado unakatwa na kusafirishwa usiku, na mimi sitaki urembo wangu uwe wa magendo.

Halafu kuna hii stori tunapenda ya shosho, yaani nyanya zetu. Ati shosho zetu walikuwa na ngozi nzuri sababu walitumia asili. Shosho gani? Shosho ninaowajua mimi walipaka Arimis, lile kopo lenye ng'ombe, mafuta yaliyotengenezewa chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na kama si Arimis ilikuwa Vaseline, na zote hizo zimetoka kwa mafuta ghafi kisimani huko chini, hakuna jani hata moja. Na zinafanya kazi! Zinafunika ngozi maji yasitoke, hazina marashi mengi ya kukuwasha, na bei yake haimlizi mtu. Ngozi ya shosho ilikuwa nzuri sababu alipaka kitu kimoja miaka yote na hakukuwa na mtu wa kumshauri abadilishe seramu kila mwisho wa mwezi. Na alivaa kitambaa au kofia shambani, hiyo ndio siri ambayo hakuna anayeuza.

Hapo ndio nafika kwa jua. Kitu kimoja ambacho hakuna mmea utakupa ni sanskrini. Mafuta ya karoti sio sanskrini, shea sio sanskrini, nazi sio, hata kama mwenye duka ameapa. Na hii ya "mimi ni mweusi sihitaji" tumeisikia tumechoka, ni kweli melanini, ile rangi ya ngozi, inasaidia, ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa na kinga kama ya SPF 13 (SPF ni ile namba ya kinga kwa chupa ya sanskrini), lakini sisi shida yetu kubwa sio kuungua, ni madoa. Chunusi inapona kwa wiki, doa lake linakaa miezi, na kila siku unatoka nje bila kinga jua linalikoleza. Kwa hivyo mtu anakula njaa anunue seramu ya vitamini C ya kutoa doa usiku halafu mchana anaenda kulirudisha. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale ya kuunguza, SPF 50 kama 98, kwa hivyo usijinyime chakula ili ufike 50, nunua 30 upake ya kutosha, mistari miwili mirefu ya vidole viwili kwa uso na shingo, sio kile kinukta cha haya. Ukiwa nje rudia kila baada ya masaa mawili. Mawingu ya Juni hayakuokoi, na dirisha la matatu halikuokoi pia, kioo cha kawaida kinapitisha miale ya UVA, ndio maana ukikaa dirishani kila siku Thika Road shavu moja linaweza kuzeeka kabla ya lingine.

Kuhusu sanskrini kukuacha mweupe usoni kama ukuta umepigwa chokaa, hiyo ni kweli na wenye viwanda wanastahili lawama. Zinki na titani ndio zinaleta ule weupe. Tafuta iliyo na rangi ndani yake, ile ya kahawia, manake ile rangi ni oksidi ya chuma na inasaidia kuzuia hata mwanga wa kawaida ambao unachochea madoa kwa ngozi zetu. Tatizo, nyingi ya hizo zenye rangi zinaishia kwa rangi ya thao, yaani ngozi nyeupe-nyeupe. Sisi wengine tunachanganya na faundesheni kidogo na tunasonga.

Na maadam nimetaja rangi ya thao, hapo ndio lebo ya asili inakuwa hatari sio tu utani. Kuna krimu zinauzwa zimechorwa karoti na papai, mwenye duka anakuambia ni ya kung'arisha tu, sio ya kujibleach. Kitu kinabadilisha uso wako wote kwa wiki mbili sio karoti. Ni haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua, ni steroidi, ama ni zebaki, na zebaki inaenda kwa figo. Dunia yenyewe iliafikiana kwa mkataba wa Minamata mwaka 2013 kuzuia vipodozi vyenye zebaki, na Kenya krimu na sabuni za hivi zilishapigwa marufuku kitambo, lakini zipo, nenda uone. Soma viungo, ukiona calomel au neno lolote linaanza na mercur rudisha. Kama viungo havijaandikwa kabisa, au ni kale kakopo kamejazwa kwa mkono hapo nyuma, rudisha mara mbili. Kwa bidhaa ya Kenya iliyo na alama ya KEBS, lile shirika la viwango, chini yake kuna namba, tuma SM# ukifuatisha namba hiyo kwenda 20023 na utajibiwa ni ya nani. Watu hawafanyi, wanaona aibu kutoa simu mbele ya mwenye duka. Aibu ya nini na pesa ni yako.

Mekapu nitakuwa mfupi, manake mekapu ni raha na raha haina sheria nyingi. Kalamu ya kahawia ya kuchora midomo na lipglosi katikati, huo ndio uso wa Nairobi na haujawahi kuniangusha. Faundesheni nashukuru tumetoka mbali, Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka 2017 na rangi 40 hata kampuni zingine zilianza kukumbuka tuko, na 2022 ikafika madukani kwetu rasmi, ila bei ni ya mshahara umeingia leo. Wetu wa nyumbani pia wapo, SuzieBeauty iliyoanzishwa na Suzie Wokabi, na Pauline Cosmetics ya Nelly Tuikong, na hao walianza na ngozi yetu. Wakati wa kuchagua paka kwa taya, sio kwa mkono, halafu utoke mpaka mlangoni uangalie kwa mwanga wa nje, taa za duka ni waongo. Ukitoka na uso wa kijivu hiyo rangi imekosa wekundu au manjano yako, haijalishi ni giza kiasi gani.

Wanja ya mawe ile ya kienyeji, hapo nitasimama kidogo. Inapendeza, sikatai, lakini mara nyingi ni galena, na galena ni madini ya risasi, ile metali yenye sumu, na watoto wachanga ndio wanapakwa kuliko sisi. Mtoto anasugua jicho anaweka mkono mdomoni. Mpende bila hiyo.

Vifaa ndio ningependa mtu atumie pesa, kabla hata ya hiyo faundesheni. Brashi mbili nzuri na sponji moja safi zinafanya poda ya bei ya chini ionekane ya maana, lakini sponji chafu inaharibu hata ya Dubai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston huko Uingereza walipima vipodozi vilivyokuwa vinatumika na matokeo yakatoka 2019, karibu tisa kati ya kumi zilikuwa na bakteria, na sponji ndio zilikuwa chafu kushinda zote, wengi wa wenye nazo hawakuwa wameziosha hata siku moja. Ni lazima, kitu kina unyevu kinakaa ndani ya pochi imefungwa kwa giza. Osha kwa sabuni ya mche kila wiki, kamua, anika dirishani sio bafuni. Maskara ikipita miezi mitatu tupa hata kama imebaki. Na msichana wa salon akitoa ile brashi ametumia kwa maharusi wote wa Desemba, mwambie kwa heshima, "Dada samahani, nimekuja na zangu." Atanuna kidogo halafu atazitumia.