Pima kwanza bwana, acha kununua spea kwa ndoto

Wiki hii nimekereka na nikinyamaza nitaugua. Jamaa yangu mmoja skuta yake ilianza mchezo wa kuzima barabarani, inaenda fresh kabisa muda fulani halafu inakata, anasukuma pembeni, anakaa kidogo, inawaka kama hakuna kilichotokea. Akaambiwa plagi hiyo, akabadilisha plagi. Koili hiyo, akabadilisha koili. Si-di-ai hiyo (CDI, kile kiboksi cha umeme kinachopanga cheche ipige lini), akabadilisha. Mwisho akafunga kabureta mpya kabisa inang'aa, na skuta ikazima vilevile.

Kumbe ni kifuniko cha tenki. Kifuniko! Kile kitundu cha kupumulia kimeziba vumbi, petroli ikishuka hewa haiingii kuziba nafasi yake, basi tenki linabaki linavutia kwa ndani mpaka petroli inagoma kushuka. Ukisimama, hewa inapenya kidogo kidogo, ndo maana inawaka tena. Kipimo chake hakihitaji hata spana: ikizima tu, palepale fungua kifuniko, ukisikia kimevuta hewa fyuuu na baada ya dakika chache inawaka, mgonjwa umempata. Unazibua kile kitundu, unapuliza, kwisha habari. Zile spea sasa ziko kwenye boksi, za zamani nzima, na mpya nazo nzima, hongera sana kwa aliyemshauri.

Hasira zangu ziko hapa. Hii tabia ya "tubadilishe tuone" siyo ufundi, ni kumpa mgonjwa dawa zote za dukani mpaka moja imkubali. Na ubaya wake siyo hela tu. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na skuta ikawaka hujui kilichokuwa kibovu ni kipi, na isipowaka umeongeza mashaka, maana sasa hata hizo mpya inabidi uzishuku, labda waya hukuurudisha vizuri, labda mpira umeuchomoa. Tatizo lilikuwa moja sasa unayo mawili.

Skuta haina mapepo jamani. Injini inataka petroli, hewa, cheche kwa wakati wake na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kazi yako nyumbani ni kujua katika hivyo vinne kipi hakipo, basi, na swali la kwanza kabisa ni hili: ukibonyeza stata, injini inazunguka au haizunguki? Hayo ni magonjwa mawili tofauti na mtu anayekupigia simu "haiwaki, tatizo nini" bila kusema hilo anataka uganga.

Haizunguki? Kabla hujaifungua, bana breki. Sitanii. Skuta nyingi haziruhusu stata mpaka ubane breki, na kile kiswichi kidogo kwenye mkono wa breki kikifa stata inakuwa bubu na watu wananunua betri. Kipimo: bana breki uone taa ya nyuma inawaka? Isipowaka jaribu breki ya upande wa pili. Angalia na ile swichi nyekundu ya kuzimia, angalia stendi ya pembeni, angalia fyuzi.

Halafu betri yenyewe, pima na mita ya umeme. Mita ya kawaida tu, hata ile ya bei ya chini kuliko zote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6, ikisoma 12 au chini ya hapo ina njaa. Sasa watu wanaishia hapo wanakimbilia dukani, wakati kipimo chenye maana ndo hiki kinachofuata: washa kwa kiki, vuta mafuta kidogo injini inyanyuke, soma tena. Inatakiwa ipande, kwenye 13.5 mpaka 14.5 hivi. Isipopanda maana yake skuta haichaji, na betri mpya utakayoweka itakufa vilevile halafu utasema umeuziwa feki. Shida iko kwenye reguleta (kile kinachodhibiti umeme wa kuchaji), au zile koili za ndani ya injini zinazotengeneza umeme (steta, siyo stata ya kuwashia), au waya uliolegea tu hapo katikati.

Inazunguka lakini haishiki? Fungua plagi. Hii ndo sehemu ninayoipenda maana plagi haidanganyi. Imetoka kavu kabisa baada ya kupiga stata muda mrefu, petroli haifiki. Imetoka imelowa na inanuka, petroli inafika, cheche ndo hamna au imefurika. Ichomeke kwenye kofia yake, chuma chake kiguse chuma cha injini, iwe mbali na lile tundu ulikoitoa, piga stata uangalie kama cheche inaruka. (Usiishike kwa mkono ukiwa shujaa, na usifanye hivyo penye petroli iliyomwagika. Na mwenye sigara akae mbali, sirudii.)

Plagi ikiwa kavu, chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia petroli, ilegeze kidogo. Ikitoka petroli, tenki na mipira viko salama, anza kuishuku ile jeti ndogo ya sailensa (kitundu cha petroli ndani ya kabureta cha injini ikinguruma taratibu, siyo bomba la moshi), hasa kama skuta ilikaa muda mrefu bila kutembea, petroli iliyolala inaacha utando na tundu lenyewe ni dogo kuliko unavyofikiri. Puliza, usichokonoe na waya mgumu ukalipanua. Isipotoka petroli rudi juu: skuta nyingi za kabureta koki yake inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kimpira chembamba, kimpira kikipasuka koki haifunguki hata tenki lijae mpaka shingoni. Kipande cha mpira tu!

Mengine kwa kifupi. Injini inalia lakini mwendo hauji, fungua upande wa mkanda, angalia mkanda na rola, vile vizito vya duara vinavyobadilisha mwendo. Kiki imekuwa laini kuliko zamani na kuwaka ni shida, pima nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi. Na usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, ule moshi unaua.

Haya, nakubali, kuna fundi mzoefu anasikiliza mlio tu anakwambia ugonjwa na anapatia, wapo, nimewaona, inaniuma kukiri. Na skuta za injeksheni, zisizo na kabureta, zina kompyuta, huko kuna mahali utafika mita yako haitoshi. Breki kama huzijui usijifunzie kwenye skuta utakayoipanda kesho asubuhi.

Lakini hata ukienda kwa fundi nenda na majibu. Mwambie cheche ipo, plagi kavu, kabureta haina petroli, betri inasoma hivi. Akikujibu "tufunge kwanza si-di-ai mpya tuone", mshukuru kwa adabu na usukume skuta yako uondoke.