Wekeni hela kwenye mtambo, hiyo mimashine waachieni wenye karakana

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa Lancaster kijana mmoja katupia picha ya kapu lake la kununulia vitu mtandaoni, anauliza "wakuu, hapo nimesahau nini?" Nikaifungua. Dremel, kile kimashine cha mkononi cha kuchongea kinachozunguka kwa umeme. Mashine ya kunolea ya mezani. Mashine ya msasa ya kuzunguka. Boksi la bisibisi za mafundi bunduki, zile zinakuja na vichwa vingi mpaka vingine huwezi jua vinaingia wapi. Kibao maalum cha kushikia bunduki. Taa yenye lenzi kama ya sonara. Halafu bunduki yenyewe iko wapi? Haipo bana. Seti ya vipande vya kuunga bunduki hata hajachagua, anasema "hiyo nitaangalia ya bei nafuu nikishamaliza kununua vifaa". Nikashindwa hata kujibu pale pale, nikasema ngoja nije niandike huku kwa nafasi.

Kwa wageni wa hapa, tunaongelea gumegume. Bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomo wa kasiba, lile bomba lake refu: baruti, goroli ya risasi, jiwe linapiga chuma. Sio zile nyeusi za kisasa, za hizo kuna watu wao na sheria zao na mimi sina hamu nazo. Na tuko Lancaster, Pennsylvania, yaani kama kuna mahali duniani mtu hana kisingizio cha kuunga gumegume vibaya ni hapa. Mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi walikuja huku miaka ya 1700 na bunduki zao fupi nene za kuwindia, wakazirefusha kasiba na kupunguza tundu ili baruti na risasi kidogo ziende mbali. Jacob Dickert alikuwa fundi bunduki wa mji huu huu. Pale makumbusho ya Landis Valley unaingia unaziona zimepangwa, mbao ya mepo (maple) yenye mawimbi, shaba ya njano imewekwa kwenye kitako hupati hata pa kupitisha ukucha. Walitengeneza na nini? Tupa, patasi, randa, jiliwa, na mwanga wa dirishani. Sasa wewe unaniambia huwezi kuanza mpaka Dremel ifike.

Nasema hivi: hela yako yote ya maana peleka kwenye mtambo, yaani kile kifaa cha ubavuni mwa bunduki chenye nyundo, jiwe na springi za kupigia cheche. Mtambo, mtambo, mtambo. Mbao mbaya utaipaka rangi, shaba yenye mkwaruzo utaisugua, lakini mtambo mbovu hauna dawa ya kupaka. Watu wanadhani jiwe ndio linatoa cheche kutoka kwenye mwili wake lenyewe, hapana, jiwe lina makali, likishuka linakwangua vipande vidogo sana vya chuma kutoka kwenye kile kibamba kilichosimama mbele yake, na hivyo vipande vinawaka vikiwa vinaanguka kwenye kisahani cha baruti. Kwa hiyo kile kibamba kikiwa chuma laini, kisichotiwa ugumu vizuri, jiwe linachimba mitaro tu, cheche hamna, au zinatoka mbili tatu nyekundu za kufa, wakati mtambo mzuri ukiufyatua gizani unaona cheche nyeupe zinamwagika kisahani kizima. Halafu kuna springi. Springi kubwa ya nyundo na springi ya kile kibamba lazima zielewane. Ya nyundo ikiwa na nguvu kupita kiasi mawe yanavunjika kila ukipiga, ya kibamba ikiwa ngumu kupita kiasi kinagoma kufunguka, ikiwa legelege kinafunguka kinarudi kulipiga jiwe lako. Haya ni mahesabu ya pembe na vipimo ambayo mafundi wanaotengeneza mitambo mizuri wamekaa nayo miaka, na ndio maana mtambo mmoja mzuri unaweza kuuzwa bei ya kukaribia seti nzima ya zile za chee. Wewe unaona ghali. Mimi naona ndio bunduki yenyewe hiyo, mengine yote ni ya kuubebea.

Kuna duka moja mtandaoni, silitaji, waliwahi kuniuzia mtambo wa seti ya bei chee, kibamba chake nilikijaribu kwa tupa, tupa ikala kama inakula sabuni. Chuma kilichotiwa ugumu tupa inateleza juu yake. Nikawaandikia, wakanijibu nijaribu kubadilisha jiwe. Kubadilisha jiwe! Nikarudisha mzigo na nauli nikalipa mimi.

Kasiba nunua iliyotengenezwa na kiwanda kinachojulikana, kishimo chake kimefungwa nyuma tayari, na usiifungue huko nyuma, basi. Mistari ya ndani iwe ya taratibu, mzunguko mmoja kwa inchi 48 au zaidi, kwa sababu unapiga goroli iliyovikwa kitambaa chenye mafuta. Na asitokee mtu hapa akaniambia "mbona kule kwetu wahunzi wanatengeneza kwa bomba la maji". Ndio wanatengeneza, na wewe unawajua waliobaki na vidole vitatu.

Haya, vifaa. Tupa ndio mfalme. Tupa bapa ya inchi kumi, moja nzuri na sio tatu mbovu, na ndogo ndogo za pembe na za mviringo. Unaipaka chaki ili unga wa chuma usishike kwenye meno, unaishika kwa mikono miwili kwa mkingamo, unaivuta juu ya ule ubapa wa kasiba, na alama za kiwandani zinaondoka zenyewe, ubapa unabaki ubapa na kona zinabaki kali. Patasi mbili zenye makali ya kunyolea. Hapa msibane hela, nanyi mjifunze kunoa. Jiliwa yenye ngozi kwenye midomo. Nyundo ndogo ya shaba. Bisibisi chache zilizochongwa zikae sawasawa kwenye mitaro ya skrubu zako hizo hizo, maana skrubu iliyotafunwa kichwa inaonekana toka mlangoni. Msasa, na kipande cha mti mgumu cha kuuzungushia. Msasa wa kushika kwa vidole ndio unaoua bunduki za wanaoanza, unalainisha kila kona mpaka kitu kizima kinakuwa kama sabuni iliyotumika. Shaba ya kitako na mbao yake visuguliwe pamoja kwa tupa na kwa kibao, viwe kitu kimoja.

Na masizi. Kuna dawa maalum inauzwa ya kuonyesha chuma kinagusa mbao wapi, kichupa kidogo tu wanakutoza hela ya kula siku mbili. Mzee mmoja wa Uvira, kule Kongo, tunasali naye, kule kwao alikuwa seremala wa makabati, hapa anafanya kazi ghala la mizigo usiku, nilimwonyesha mbao niliyokuwa naichimbia mtambo. Akaomba mshumaa. Akaupitisha mtambo juu ya moto mpaka ukawa mweusi tii, akaubandika kwenye nafasi yake, akaugonga kidogo na kidole, akautoa. "Iko inagusa hapa, na hapa. Apana sukuma." Akakwangua pale penye weusi tu, unyoya wa mbao mwembamba mpaka unaweza kusoma gazeti ukilitazama kupitia kwake. Akarudia. Akarudia tena. Mimi nimeshachoka yeye ndio kwanza anaimba tenzi. Mtambo ulipokaa mwisho ulikaa kwa mlio wake, tok, na nikiugeuza chini hauanguki hata bila skrubu. Mshumaa na patasi. Sasa nikiona kijana ana Dremel kwenye kapu roho inaniuma, kwa sababu Dremel inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, ikiteleza pale haikupi muda wa kusema samahani, na mbao ukishaitoa hairudi, utaishia kujaza gundi na unga wa mbao ukidhani hatuoni. Tunaona.

Sawa, keekee ya kusimama. Hapo nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali. Zile pini zinazoshika kasiba kwenye mbao zinapita upande mmoja zinatokea wa pili, na keekee ya mkono ikienda mrama kidogo tu tundu linatokea pasipo. Lakini kaazime bana. Karakana ngapi ziko hapa, Waamish, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, wako hapa nje tu, sasa unanunua mashine ya kutoboa matundu matatu ya maisha yako? Na pia nakubali kwamba siku hizi kuna seti za bei, zile zinazochongwa na mashine ya kompyuta, zinakuja vitu vyote vinaingia karibu vyenyewe, unafanya kumalizia. Zinapita dola elfu moja kiurahisi. Kama una hela na unaanza, chukua hiyo, bora kuliko seti ya dola mia kadhaa yenye mbao ya vipande viwili na mtambo wa sabuni. Wazee wa zamani watakucheka kwamba hujachonga. Waache wacheke.

Starehe yenyewe iko kwenye rangi ya mbao, na hakuna video inayoweza kukuonyesha. Sio rangi ya dukani ya kopo. Kuna dawa ya chuma na asidi, unapaka kwenye mepo ukiwa nje na umevaa glavu, mbao inakuwa na kijani-kijivu cha ajabu, sura mbaya kabisa, mtu wa kwanza lazima ashtuke. Unachukua kile kipuliza joto cha kubandulia rangi, unapitisha taratibu, na pale pale joto linapopita mbao inageuka, wekundu wa udongo unaanza kutoka chini, na mawimbi ya mepo yanasimama moja moja kama yalikuwa yamejificha. Mtoto wangu wa kike alikuwa amesimama mlangoni akasema "baba inaamka". Halafu mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja, na matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye pipa, yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Baruti: nyeusi halisi. Zile mbadala za kisasa kwenye gumegume haziwaki vizuri, zinataka joto kubwa kuliko cheche zako. Na baruti ya kisasa ya risasi za kawaida, ile isiyo na moshi, isikaribie hata meza yako, hata kijiko, kasiba inapasuka na uso wako uko pale pale nyuma yake. Usimimine baruti kutoka kwenye chombo kikubwa moja kwa moja hadi mdomo wa bunduki, pima kwanza kwenye kipimo, kwa sababu ndani ya kasiba kunaweza kuwa na kaa la moto kutoka mlio uliopita. Miwani. Na weka alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ya bunduki tupu na ya bunduki iliyoshindiliwa, ili usibahatishe.

Kuna wanaosema anza na ya fataki, ile inayowashwa na kifuniko kidogo cha kulipuka badala ya jiwe, ni rahisi. Ni kweli ni rahisi. Ila kwa bunduki za kushindilia, msimu wa kulungu wa baada ya Krismasi hapa Pennsylvania ni wa gumegume tu, kwa hiyo na fataki yako utabaki nyumbani unakula ubwabwa wa sikukuu. Na kama hujawahi kuwinda, darasa la uwindaji kwanza ndio upate leseni.

Sasa sheria, maana najua maswali yatakuja. Kwa serikali kuu ya Marekani, sheria ya 1968 inaziweka hizi za kushindilia kwenye fungu la silaha za kale, ndio maana zinakuja kwa posta. Lakini kila jimbo lina lake. Ukivuka tu hapo New Jersey wanaihesabu silaha kama silaha nyingine. Mwenye kesi nzito mahakamani asome sheria za jimbo lake kabla hajasoma bei.

Wakati mwingine nikiwa napiga tupa nawaza kile kikao cha Brussels cha 1890, wakubwa wa Ulaya wamekaa wanapanga Mwafrika auziwe nini. Wakasema bunduki za kisasa marufuku, za mistari ndani marufuku, ila gumegume isiyo na mistari na baruti ya kawaida hizo zinaweza kuruhusiwa. Wema ulioje. Ndio maana 1905 Maji Maji watu wanaingia na mikuki na magobore kule Kusini mbele ya mizinga ya rashasha ya Mjerumani. Na hii ninayoiunga mimi, kwa sababu ina mistari, babu yangu asingeruhusiwa kuishika, wakati mkulima wa Kijerumani wa hapa Lancaster alikuwa anawindia nayo kulungu zaidi ya miaka mia kabla ya hapo. Haya, turudi kwenye tupa.

La mwisho ni kwa mjomba wangu wa Morogoro anayesoma hapa na kila wiki ananitumia ujumbe "niletee moja ya kufukuzia nguruwe shambani". Mjomba, shikamoo. Hapana. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 gobore ni silaha, bila kibali unafungwa wewe na mimi napokelewa uwanja wa ndege, na huku nako kusafirisha silaha kwenye begi bila kuitangaza ni kesi nyingine. Nguruwe wekee uzio. Picha nitakutumia.