Suruali ya Kuazima, Nakala 74

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuieneza habari hii kwa namna yake, na kwa kuwa katika namna yake hiyo mimi ninavuliwa suruali mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, naona ni haki yangu kuieleza kama ilivyotokea Jumamosi iliyopita. Suruali haikuvuliwa. Ilichapwa. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa ninakiri kwamba mimi niliyekuwa ndani ya suruali yenyewe sikuiona kuwa kubwa wakati ule.

Wanaonifuata hapa wanaijua ile programu ya kompyuta ninayoitengenezea saccos (chama cha akiba na mikopo), ambayo nimekuwa nikiwalilia kwa miezi kadhaa, kwa hiyo sitairudia historia yake. Nitasema tu kwamba Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake na msimamo usiopinda, alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata mara moja: kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta kitoke vilevile kwenye karatasi, bila kupungua wala kuongezeka, kwa sababu mfumo wa awali ulikuwa ukionyesha hesabu hii na kuchapa hesabu ile. Hakutaka ripoti. Alitaka dirisha lenyewe, pamoja na vitufe vyake na nembo ya chama kule juu, liingie katika karatasi ya A4. (Wenzangu wa fani, msinitumie ujumbe kunifundisha kwamba ripoti huchapwa kutokana na data, si kutokana na picha ya dirisha. Ninajua. Nilijua hata wakati ule. Mzee aliyeshika hundi hakujua, na hundi ilikuwa mkononi mwake.)

Kuliingiza dirisha katika karatasi ni kazi inayoonekana ndogo mpaka uianze. Dirisha langu lilijaza kioo cha pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1366 kwa 768, na kwa hesabu ya pikseli 96 kwa kila inchi, hilo ni dirisha lenye upana unaozidi inchi 14, ilhali A4 iliyosimama haifikishi hata inchi 8 na nusu. Maktaba ya kuchapia ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu, huipima karatasi kwa sehemu za mia za inchi, kwa hiyo A4 ni 827 kwa 1169, na ukiondoa pambizo za kawaida za inchi moja kila upande unabakiwa na 627 kwa 969. Mara ya kwanza niliichora picha bila kuipunguza, ikatoka karatasi yenye majina ya wanachama na nusu ya namba zao za simu, huku safu ya akiba ikiwa imebaki hewani, mahali ambapo karatasi haikufika. Mwenyekiti aliitazama kwa utulivu, akasema kwamba chama kisicho na safu ya akiba ni kikundi cha kufahamiana tu.

Mara ya pili niliiamuru picha ijaze nafasi yote iliyo kati ya pambizo, nayo ikatii kwa unyoofu wa kutisha. Herufi zilirefuka na kukonda kama twiga waliopanga foleni kisimani, na nembo ya chama, ambayo ni duara lenye mikono miwili inayoshikana, ikawa yai. Ndipo nilipokubali kukokotoa uwiano kama watu wengine, yaani kuugawa upana wa karatasi kwa upana wa dirisha, kuugawa urefu kwa urefu, kisha kuchukua jibu lililo dogo kati ya hayo mawili. Mimi kwa siku mbili nzima nilichukua lililo kubwa, na sitaki kulizungumzia jambo hilo. Hatimaye niliilaza karatasi, nikapata 969 gawanya kwa 1366, sawa na asilimia 71 hivi, na dirisha likaingia lote, limekaa katikati kama bibi harusi.

Lilibaki suala la kuipata picha yenyewe. Njia ya kistaarabu ni kuliomba dirisha lijichore, kwa amri ya DrawToBitmap, lakini kile kisanduku changu cha maelezo ya mikopo kilitoka kitupu kila nilipofanya hivyo. Kwa hiyo nikakimbilia CopyFromScreen, ambayo haiombi mtu ruhusa: inakipiga picha kioo kama kilivyo sekunde hiyo, pamoja na chochote kilichosimama mbele ya dirisha lako. Katika jaribio la kwanza ilikipiga picha kile kidirisha cha kuchagulia printa, ambacho kilikuwa bado hakijamaliza kujifunga. Dawa niliyoitumia, na hapa naomba wanaoheshimu kazi zao wafumbe macho, ilikuwa kuiagiza programu isubiri nusu sekunde kabla ya kupiga picha.

Ulikuwapo pia mdudu wa pili, yaani kasoro nyingine ya programu, ambaye sikumjua. Kwa kuwa orodha ndefu isingeenea katika dirisha moja, nilipanga kwamba ukurasa wa kwanza uwe picha ya dirisha na kurasa zinazofuata ziwe mwendelezo wa orodha. Katika mfumo huu, kila ukurasa unapomalizika, printa huuliza kama kuna mwingine, nawe unaijibu kwa kiashiria kinachoitwa HasMorePages. Kihesabio cha kurasa nilikitangaza ndani ya ile ile sehemu ya programu inayoendeshwa upya kwa kila ukurasa, na maana yake ni kwamba kilizaliwa upya kila mara, kikiwa sifuri, kikiamini kwa moyo wake wote kwamba huu ndio ukurasa wa kwanza. Nyumbani nilijaribu kwa wanachama 18 wa kubuni ambao walienea wote katika ukurasa mmoja, kwa hiyo swali la kurasa nyingine halikuzuka. Chama kina wanachama 212.

Sasa suruali. Suruali yangu ya heshima ilikuwa imepasuka mahali ambapo fundi alitaka siku tatu, na mkutano ulikuwa kesho yake. Rafiki yangu aliniazima yake, ya kijivu, aliyoshonesha maalumu kwa sababu Jumapili alikuwa msimamizi wa harusi. Aliniazima kwa masharti mengi kuliko ya mkopo wa dharura, na mimi niliyakubali yote nikiwa nimesimama na taulo.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu waliketi Mwenyekiti, Katibu, Mama Mhazini, na Afisa Ushirika aliyekuja kushuhudia. Nilikaribishwa kwa makofi, nikaamkia wazee, nikafungua programu mbele yao, na baada ya maelezo niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati nikabonyeza kitufe cha kuchapa. Kisha nikafanya kosa la wasemaji wote: niliipa kompyuta kisogo nikaugeukia ukumbi, nikaanza kuwaeleza umuhimu wa uwazi katika ushirika.

Sikuiona ile arifa ya WhatsApp ilipoibuka kwenye pembe ya chini ya kulia ya kioo, katika nusu sekunde niliyoitenga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichosikia ni printa ya leza ikivuta karatasi, mlio mtamu sana kwa mtu anayetarajia kulipwa. Karatasi ya kwanza ikatoka. Mama Mhazini akaichukua, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa Mwenyekiti. Ya pili ikatoka. Nikajiambia kwamba huo ndio mwendelezo wa orodha. Ya tatu, ya nne, ya tano. Nikaendelea na uwazi.

Mwenyekiti, alipoona karatasi zinakuja zote zikifanana, alitafsiri kwa wema wa moyo wake kwamba nimewaandalia wajumbe nakala. Alinikatiza kwa adabu, akasema kijana wetu amefanya jambo la busara, akawaomba vijana wawili wa mstari wa mbele wazigawe. Nilifurahi. Naomba mlizingatie hilo: kwa muda wa kama dakika moja nilisimama pale nikipokea sifa za jambo ambalo sikulifanya, nikiinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kisha ukumbi ukaanza kubadilika, na ulibadilika mstari kwa mstari, kwa kadiri karatasi zilivyokuwa zikipita. Mstari wa kwanza waliinamia karatasi. Wakainua macho wakanitazama usoni. Halafu, bila haraka, macho yao yakashuka, yakapita tai, yakapita mkanda, yakatua kwenye suruali, yakakaa huko. Mstari wa pili wakafanya vilevile, kwa mpangilio uleule, kama waliofundishwa. Mtu mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Niliangalia zipu kwa siri, nikaikuta salama, na kwa kweli hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu zipu ingekuwa jambo dogo.

Niliomba nakala moja. Dirisha lilikuwa limekaa vizuri ajabu: nembo ni duara, akiba zote zipo, pambizo zimelingana pande zote. Na kwenye pembe ya chini ya kulia, limepunguzwa kwa asilimia zilezile nilizozikokotoa kwa jasho, likisomeka bila miwani, lilikuwapo jina la rafiki yangu na maneno haya: “Kaka vipi, hao wazee wamelipa? Angalia usiikalie vibaya suruali yangu, kesho naivaa harusini.”

Nikaigeukia kompyuta. Kidirisha kinachohesabu kurasa kilikuwa kimefika 96 na kilikuwa hakina dalili ya kuchoka. Nilikisitisha, kikakubali, lakini kurasa zilizokwisha kutumwa zilikuwa tayari kwenye foleni ya printa, na printa haikuhusika na uamuzi wangu. Nikachomoa waya wa umeme. Kimya kikatanda. Katika kimya hicho bibi mmoja wa mstari wa pili, ambaye nilikuwa nimemwamkia kwa heshima zote asubuhi, aliinua karatasi yake akauliza kwa sauti ya upole iliyofika mpaka mlangoni:

“Mjukuu wangu, suruali yenyewe ndiyo hiyo?”

Ningeweza kusema jambo lolote. Nilikuwa na elimu, nilikuwa na kipaza sauti. Nikasema, “Ndiyo, bibi.”

“Basi usije ukaketi kwenye lile benchi,” akasema. “Lina vumbi.”

Ukumbi uliangua kicheko ambacho Afisa Ushirika alijaribu kukizuia kwa leso, ikamshinda. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akavaa miwani, akausoma ujumbe wote kwa sauti ili usikike na wale wa nyuma ambao hawakupata nakala, kisha akanigeukia akasema kwamba neno “hao wazee” halikumpendeza, ila anakubali kwamba programu imefanya sawasawa na sharti lake, kwa kuwa kilichokuwa kwenye kioo kimetoka chote, bila kupungua wala kuongezeka.

Ndipo kijana mmoja mwenye nia njema, akidhani umeme umechomoka kwa bahati mbaya, akaurudisha waya. Printa ikajipasha moto, ikakumbuka kwamba ina kazi haijaimaliza, ikaanza tena. Wanaojua Windows wanajua kwamba foleni ya kuchapa haifi kwa kukata umeme; inabidi uisimamishe huduma ya spula, ndiyo inayoitunza foleni hiyo, na kuyafuta mafaili yaliyobaki katika folda yake, jambo ambalo nililifanya nikiwa nimepiga goti moja sakafuni, nikatahamaki, nikasimama haraka, na ukumbi ukacheka upya kwa sababu wote walielewa nilichokuwa nikikilinda. Tulizihesabu baadaye: 74.

Mengine hayana uzito. Kihesabio nimekihamishia nje, mahali kinapotunza kumbukumbu zake, na sasa kile kisanduku cha maelezo ninakichora mwenyewe ili DrawToBitmap ifanye kazi na kioo cha mtu kisipigwe picha tena. Nimelipwa nusu, nusu nyingine ni baada ya mwezi wa majaribio. Suruali ilirudi kwa mwenyewe usiku uleule ikiwa na alama ndogo ya vumbi gotini, ambayo anaitaja katika kila simulizi yake bila kutaja nani alituma ujumbe saa nne asubuhi akijua niko mkutanoni.

Ila Mama Mhazini si mtu wa kutupa karatasi iliyo nyeupe upande mmoja. Zile nakala amezichapia fomu za maombi ya mkopo upande wa nyuma, na jana mwanachama mmoja aliyekwenda kuchukua fomu amenipigia simu, baada ya salamu ndefu za nyumbani na za watoto, kuniuliza kama ile suruali ilifika harusini. Nimemjibu kwamba ilifika.