Kabla ya kuilaumu lafudhi yetu, pimeni umbali wa maikrofoni

Hivi karibuni nilikaa kwenye kikao ambamo mzabuni aliyeiuzia hospitali moja ya huku nyanda za juu mfumo wa kuandika ripoti kwa sauti aliulizwa kwa nini ripoti hizo zinatoka zimejaa maneno ambayo daktari hakuyasema. Jibu lake lilikuwa fupi: madaktari wa Mbeya hawatamki Kiingereza ipasavyo. Hakuna aliyempinga, na mjumbe mmoja alifika mahali pa kupendekeza kwamba madaktari wapelekwe kwenye mafunzo ya matamshi. Baada ya kikao niliomba nikione chumba chenyewe. Maikrofoni ilikuwa imesimamishwa juu ya meza ya kompyuta, karibu nusu mita kutoka kinywani mwa daktari, katika chumba cha altrasaundi chenye paa la bati lisilo na dari, na mlango wake unafungukia kwenye korido ambako wagonjwa wanasubiri kuitwa majina. Nilitoka pale nikiwa nimeudhika, na bado sijatulia.

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote anayenunua vifaa vya imla ya kitabibu, yaani vya kuiandikisha kompyuta ripoti kwa sauti, anapaswa kulijua halihusu chapa wala bei, bali umbali. Sauti inayotoka kinywani hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Maikrofoni iliyo sentimita 3 kutoka kwenye kona ya mdomo ikisogezwa hadi sentimita 48, umbali umeongezeka maradufu mara nne, yaani desibeli 24 zimepotea, na nguvu ya sauti inayoifikia ni sehemu moja ya 256 ya ile ya awali. Kelele za chumba, kwa upande wao, hazipungui hata kidogo kwa sababu ya kuhamishwa huko. Mtoto anayelia koridoni anasikika vilevile, muuguzi anayeita jina la mgonjwa anafuata, na mvua juu ya bati ipo palepale. Fundi akiongeza kiwango cha kurekodi ili kumfidia daktari aliye mbali, anaongeza vyote kwa pamoja. Hakuna programu, hata iwe ya gharama kiasi gani, inayoweza kurudisha kilichozama katika hatua hii ya kwanza kabisa.

Na mvua yetu si ya kubeza. Msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kwamba katika vituo vingi vya Rungwe watu wamezoea kusimamisha mazungumzo mpaka mvua ipite. Watengenezaji wengi wa programu za kuondoa kelele huwa na mawazo ya ofisi yenye mngurumo wa feni au kiyoyozi, kelele ya chini isiyobadilika, ambayo ni rahisi kuitambua na kuiondoa. Mvua ya bati ni kelele ya aina nyingine: imeenea kuanzia sauti nene hadi nyembamba, na inakalia eneo lilelile la sauti nyembamba ambalo konsonanti kama s, f na th hulitumia. Programu ikijaribu kuikata mvua, huikata na s pamoja nayo.

Sasa fikiria kinachokatwa ni nini. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, na lugha ya altrasaundi imejaa jozi za maneno yanayotofautiana kwa irabu au konsonanti moja huku maana zake zikiwa kinyume kabisa. Haipoekoiki na haipaekoiki hutenganishwa na irabu moja isiyo na mkazo, lakini neno la kwanza linaeleza eneo linalorudisha mwangwi kidogo na la pili linaeleza linalourudisha kwa wingi, na daktari wa upasuaji anayesoma ripoti Makete au Ludewa hana picha ya kumwonyesha lipi lilikusudiwa. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza hutofautiana kwa mkazo na konsonanti ya mwisho, na hizo ndizo milimita za uvimbe. Neno moja la kukanusha likimezwa na ngurumo, figo nzima inakuwa figo yenye jiwe. Naomba wanaosaini hati za ununuzi wayafikirie haya kwa uzito, maana mgonjwa anayebeba karatasi hiyo mpaka hospitali ya rufaa hakuwahi kuulizwa maikrofoni iwekwe wapi.

Nakubali, bila kupenda, kwamba lafudhi nayo ni suala halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliipima mifumo ya kutambua usemi ya kampuni tano, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, na ukakuta kwamba kwa wastani mifumo hiyo ilikosea takriban maneno 35 kati ya 100 ya wasemaji Weusi, dhidi ya 19 kati ya 100 ya wasemaji Weupe. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza. Sisi tuliokua na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga, tukaongeza Kiswahili, kisha tukasomea udaktari kwa Kiingereza, hatuwezi kutarajia kutendewa vizuri zaidi na mashine iliyofunzwa kwa sauti za wengine. Lakini huo ni upungufu wa mashine, si wa kinywa cha daktari, tena ni upungufu ambao hospitali ya wilaya haina uwezo wa kuurekebisha. Umbali wa maikrofoni inao uwezo wa kuurekebisha leo asubuhi, na kwa mtu ambaye lafudhi yake tayari inaipa mashine shida, kila desibeli ya sauti safi ina thamani kubwa zaidi. Kumwekea mtu huyo maikrofoni mbali, kisha kumlaumu kwa matokeo, ni dhuluma.

Kwa hiyo jibu langu ni hedseti yenye mkono unaoleta maikrofoni mdomoni, ya waya, inayochomekwa kwenye USB, na ya sikio moja.

Nimetaja waya makusudi, kwa kuwa wengi hukimbilia Bluetooth kwa kudhani kwamba mikono huru maana yake ni kutokuwa na waya. Mikono ya mtaalamu wa altrasaundi haiko huru kwa sababu mmoja umeshika probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya mwili wa mgonjwa, na mwingine uko kwenye vitufe vya mashine, tena kuna jeli. Waya unaopita nyuma ya bega haushiki mkono wa mtu. Tatizo la Bluetooth liko kwenye sauti yenyewe. Hedseti inayopiga muziki vizuri sana hubadili utaratibu pale maikrofoni yake inapowashwa, na kwa utaratibu wa zamani hurekodi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 tu kwa sekunde, maana yake hakuna kinachopita juu ya hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), wakati sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hapo. Utaratibu mpana zaidi wa sampuli 16,000 upo na unatosha kwa kazi hii, ila ni lazima kompyuta na hedseti zote mbili ziukubali, na ikishindikana hushuka hadi ule wa zamani bila kumwarifu mtumiaji. Ongeza betri inayokwisha katikati ya foleni siku ambayo umeme umekatika tangu alfajiri. Kwa daktari anayezunguka wodini na kuzungumza akitembea, sawa, achukue isiyo na waya, lakini kwanza ahakikishe inatumia utaratibu huo mpana.

Nimetaja USB kwa sababu hedseti ya namna hiyo hubeba ndani yake kigeuzi cha sauti, wakati ile ya pini ya duara hutegemea saketi ya sauti ya kompyuta mpakato, ambayo mara nyingi huingiza mlio wa chaja na wa diski.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao umekwisha kuzigharimu hospitali fedha nyingi. Boksi likiandikwa kwamba hedseti inaondoa kelele, mnunuzi hudhani kwamba programu haitaisikia mvua. Mara nyingi maandishi hayo yanahusu masikio ya aliyeivaa: hedseti inasikiliza kelele za nje na kutoa wimbi la kinyume ili yeye asizisikie. Daktari anakaa katika ukimya mtamu huku maikrofoni ikiendelea kuipokea korido nzima. Tunachokihitaji ni maikrofoni yenyewe iwe na uwezo wa kubagua, yaani iwe ya mwelekeo mmoja, au iwe na matundu mbele na nyuma ili sauti ya mbali inayoingia pande zote mbili ijifute, na ya karibu ibaki. Uwezo huo nao hufanya kazi tu maikrofoni ikiwa karibu na mdomo na ikiwa imeelekezwa sawasawa. Hedseti za vituo vya kupokea simu zimetengenezwa kwa lengo hili hasa, kwa sababu wahudumu hukaa kwa makumi katika ukumbi mmoja wote wakizungumza, na ni nafuu kuliko nyingi zinazouzwa kwa ajili ya muziki. Za michezo ya kompyuta huwa kubwa, za masikio mawili, na zimevishwa kitambaa kisichosafishika.

Kuhusu sikio moja sina nafasi ya kulegeza msimamo. Mgonjwa yuko hapo kitandani na ana haki ya kusikilizwa. Mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Busokelo, baada ya kupokea shikamoo yangu na kulala ili apimwe, alinisikia nikianza kutaja vipimo kwa Kiingereza, akaniuliza, "Mwanangu, unaongea na nani? Kuna jambo baya umeliona?" Kama masikio yangu yote mawili yangekuwa yamezibwa, swali hilo lingepita hewani na mama angetoka amebeba hofu yake peke yake. Tangu hapo namweleza kila mgonjwa mapema kwamba nitakuwa naisomea kompyuta vipimo, na kwamba maelezo yake nitampa mwenyewe kwa Kiswahili nikimaliza. Na jambo ambalo litamshtua silitamki mbele yake. Hilo naliandika baadaye.

Kwa sababu hiyohiyo pedali ya mguu, ya kuwasha na kuzima maikrofoni, ni ya lazima. Kitufe cha kuzima maikrofoni kilichopo kwenye waya kinahitaji mkono ambao haupo, na maikrofoni iliyoachwa wazi itaandika mazungumzo ya mgonjwa ndani ya ripoti yake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo hospitali iulize pia sauti inayorekodiwa inapelekwa wapi.

Namna ya kuivaa haichukui muda kujifunza, na inasikitisha kuona jinsi wauzaji wanavyoipuuza. Maikrofoni ikae kwenye kona ya mdomo, umbali wa upana wa vidole viwili, chini kidogo ya njia ya pumzi, kwa sababu ikiwa mbele kabisa herufi p na b huipiga kwa upepo. Anayevaa barakoa ajue kwamba sauti nyembamba zinapungua, na zile nzito za N95 hupunguza zaidi kuliko za kawaida za upasuaji. Kila mtu awe na sponji yake ya maikrofoni, kwa sababu sponji haifutiki kwa spiriti na hubeba mate. Sehemu za plastiki zinafutwa kwa spiriti ya asilimia 70 bila kuloweshwa. Kama bajeti inaruhusu, kila mtaalamu apewe hedseti yake mwenyewe. Katika huduma tunayofundishana kila siku kunawa mikono, kugawana kifaa kinachokaa karibu na kinywa hakuna maelezo.

Maikrofoni ya mezani inaweza kufaa katika ofisi tulivu ya daktari mmoja, yenye dari, mapazia na mlango unaofungwa. Ofisi za namna hiyo zipo chache, na nyingi ni za watu wasioandika ripoti.

Nina ombi mahususi kwa maafisa ugavi wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Ruvuma. Msikubali onyesho linalofanyika katika ukumbi wa hoteli, milango imefungwa, msemaji akiwa ni mzabuni mwenyewe. Mtakeni alete sampuli katika chumba kitakachotumika, asubuhi ya siku ya kliniki, korido ikiwa imejaa, na ikiwezekana Januari au Februari mvua inaponyesha. Wachukueni wataalamu wenu wenyewe, wenye lafudhi tofauti, kila mmoja asome ripoti ileile yenye tarakimu, kulia na kushoto, na yale maneno ya haipo na haipa, kwa mwendo wake wa kawaida. Hesabuni kwa kalamu maneno yaliyokosewa, kisha sikilizeni rekodi yenyewe kwa masikio yenu: mkishindwa ninyi kuielewa, maikrofoni ndiyo iliyoshindwa, mkiielewa vizuri na programu bado imekosea, hapo ndipo mjadala wa programu na lafudhi unapoanza kwa haki. Andikeni kwenye hati ya zabuni aina ya maikrofoni, urefu wa waya usiopungua mita 2, pedali, na sponji za akiba za mwaka mzima, badala ya neno "hedseti" peke yake. Mzabuni akikataa kuja asubuhi ya kliniki, mwiteni aliye wa pili kwenye orodha.