Soya Zangu Zilivyomkimbiza Mama Mkwe

Nilikuwa nimejiapiza kutolima kitu chochote kinachotaka akili. Mahindi nayajua: unapanda, unapalilia, unagombana na nyani, unavuna, basi. Lakini huku kwetu, nje kidogo ya Songea, kila ukikaa kijiweni habari zilikuwa soya. Tangu 2020 soya za Tanzania ziliporuhusiwa kuingia China, hata mtu ambaye hajawahi kushika jembe anakuhesabia gunia kwa gunia utakavyotajirika. Jirani yangu akanunua pikipiki. Mke wangu akaitazama ile pikipiki, akanitazama mimi, hakusema neno. Nikapanda ekari mbili.

Kuota ziliota vizuri, na za palizi sitawachosha nazo. Balaa lilianza Mei.

Kwa kawaida mwezi huo mvua imeshatuacha, baridi inaingia, jua linakaa. Mwaka ule mvua iliaga kama mgeni wa kijijini: anasimama, anashika komeo la mlango, halafu anakumbuka habari nyingine. Asubuhi ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro mpaka huoni choo chako. Mchana jua la saa mbili tatu. Jioni manyunyu. Maganda yanakauka, yanaloa, yanakauka, yanaloa.

Bwana shamba alikuwa ameshanionya. Alisema ganda la soya likikauka, pande zake mbili hujikunja, kila moja na njia yake, kama mke na mume waliogombana, mpaka linapasuka ghafla na kurusha punje mbali. Na likiwa linaloa na kukauka kila siku, ndiyo kabisa. Kwa hiyo majani yakishapukutika na maganda yakawa ya kahawia usingoje. Ng'oa alfajiri, umande ungalipo, maganda yakiwa bado yamelegea. Mimi maneno hayo niliyasikia kama mtu anavyosikia matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Nilipokuja kufika shambani, njiwa walikuwa wameshavuna robo yao.

Nikakodi vibarua watatu, tukang'oa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, tukarundika uani. Manyunyu yakaanza. Nikafunika lundo kwa turubai, nikalikaza kwa mawe pembe zote, nikaingia ndani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Siku ya tatu nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni. Nikatia mkono katikati ya lundo, nikautoa mbio: humo ndani kulikuwa na joto la kutosha kuangua vifaranga. Harufu nayo ilikuwa ya soksi za mwanafunzi wa bweni. Za chini zilikuwa zimeota ukungu mweupe, na nyingine zimetoa vimkia kabisa, zimedhani nimezipanda tena.

Mke wangu akaja, akanusa, akasema, "Baba Neema, watu hupika makande kwa sufuria."

Ndipo nikapata wazo. Ningekuwa na busara ningelala kwanza, lakini wazo likikupata umeaibika huwa halingoji. Viti vya sebuleni nikavitoa barazani. Mashina ya soya yaliyosalimika nikayatandaza sakafuni, mengine nikayafunga vichane na kuyaning'iniza kwenye kamba chini ya kenchi, maana nyumba yangu haina dari, ukiangalia juu ni mabati. Katikati nikaweka majiko mawili ya mkaa. Madirisha niliyaacha wazi. Mjinga ni mjinga, lakini moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, hilo nalijua.

Jioni ile ile, bila taarifa, bodaboda ikamshusha mama mkwe.

Hapa inabidi nieleze. Sisi mkwe tunamheshimu mpaka inachosha. Sijawahi kumpa mkono. Sili naye meza moja. Tukikutana njiani, ninayeingia porini ni mimi. Katika miaka tisa ya ndoa yangu nimezungumza naye nikiwa nimeuangalia ukuta, na ukuta ule naujua kila ufa. Sasa mtu huyo kaja kumsalimia mjukuu wake, na chumba cha Neema kinatokea sebuleni. Mlango wake ni pazia.

"Toa takataka zako," mke wangu akaninong'oneza.

"Zitalowa."

"Jamani, acheni tu," mama mkwe akasema kutoka nyuma ya pazia. "Soya haiumi mtu."

Nikaukumbuka mtihani wa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado zina maji. Ikiteremka yote chini, zimekauka. Nikatia soya kwenye chupa ya soda, na kwa kuwa nilitaka uhakika nikatia chumvi yote iliyokuwamo ndani ya nyumba. Nikatikisa. Ikaganda kotekote, kama sukari kwenye kitumbua.

Yakatokea mambo mawili. La kwanza, mboga ya usiku ule haikuwa na chumvi, na mama mkwe, kwa heshima, akaisifu. La pili, niliongeza mkaa.

Saa nane usiku. Pa!

Nikafungua macho. Kimya. Pa! Halafu pa-pa-pa, na kitu kikapiga bati, tiii! Katika usingizi wangu sikuikumbuka soya wala bwana shamba. Nilikumbuka majambazi tu. Kule chumbani kwa Neema likatoka yowe ambalo sijapata kulisikia hata msibani: "Majambazi! Wana bunduki! Wanangu wanakufa!"

Babu zetu wa Vita vya Maji Maji walipewa dawa wakaambiwa risasi zitageuka maji. Usiku ule kwangu maji ndiyo yaligeuka risasi.

Nikachomoka chumbani na panga mkononi na taulo kiunoni. Mama mkwe naye akachomoka nyuma ya pazia. Giza. Sasa soya ikishapasuka ganda, punje zake ni duara, ngumu, laini, na zilikuwa sakafuni kwa maelfu, juu ya saruji. Jaribu kukimbia juu ya gololi. Nilimsikia akija, "wewe, wewe, wewe," sauti ikinikaribia kwa kasi isiyo ya umri wake. Nikatupa panga pembeni. Hilo tu ndilo jambo la akili nililofanya mwezi ule. Akanivaa. Mtu ambaye kwa miaka tisa sijamshika mkono akanikumbatia shingoni kwa mikono miwili, tukaenda chini pamoja, kamba ikakatika, na vichane vyote vikatuangukia. Taulo nalo lilikuwa na safari yake.

Majirani wakafika wakiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji. Rungu, mapanga, mmoja na mchi. Mwenyekiti akapiga teke mlango, akamulika tochi. Alichokiona ni hiki: mkwe na mkwewe wamelala kwenye soya, mmoja amejisitiri kwa mashina. Akafungua kinywa kuuliza, na ninaamini swali lake lingenihamisha kijiji. Pa! Ganda moja lililobaki juu likapasuka, punje ikampiga katikati ya paji la uso.

"Nimepigwa!" Mwenyekiti akajitupa chini. Tochi ikazima. Walinzi wake wakakimbia, na yule wa mchi akauacha mchi mlangoni. Mpaka leo tunatwangia mahindi.

Neema ndiye aliyetuokoa. Akatoka na kibatari, akaokota punje moja kifuani kwa mwenyekiti, akasema, "Ni soya." Mtoto wa miaka saba.

Mwenyekiti akajikung'uta, akasema alilala chini kwa makusudi, ndiyo mbinu waliyofundishwa mgambo.

Alfajiri mama mkwe akaondoka na bodaboda ya kwanza, bila chai. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba.

Soya zenyewe nilizikausha baadaye, kwa akili za jirani mwenye pikipiki: kichanja cha mianzi kilichoinuka futi tatu ili upepo upite chini, unatandaza tabaka jembamba, unageuza, na mvua ikinusa tu unafunika, ikipita unafunua papo hapo. Wiki moja na nusu. Chumvi ikateremka yote chini ya chupa. Ghalani kipima unyevu kikasoma 13, karani akaitikia kwa kichwa, nami nikatoka na hela ya magunia manne kutoka ekari mbili. Pikipiki? Nilinunua chumvi.

Jumapili iliyofuata mshenga akaja na uso wa mahakama. Mama mkwe ameumia nyonga, lakini zaidi ameumia heshima, na ukoo umekaa. Nikasema niko tayari, nimeshatazamia mbuzi, jike au dume, waseme wao.

"Mbuzi hataki," mshenga akasema. "Anataka debe moja la soya, apikie uji. Ila amesisitiza," akakohoa kidogo, akaangalia paa langu, "ziwe zimeshamaliza kupiga kelele."